Chai ya maziwa ndani ya boneti: kutumia kitenganishi cha oili msimu wa baridi

Mwezi wa Julai huku Molo, nyanda za juu za Kenya, ukungu hukaa juu ya mashamba ya viazi hadi saa tatu, na gari lililolala nje huamka limelowa hadi vioo vya ndani. Asubuhi moja ya namna hiyo nilifungua koki ya kitenganishi cha oili, kile ambacho vijana wa gereji hukiita kechi keni, chupa ya kunasa oili na maji yanayosafiri na gesi ya injini, nikitarajia oili nyeusi kidogo kama kawaida. Kikatoka kitu cha rangi ya chai iliyopoa, kimeshika utando juu. Kikajaza nusu kikombe na bado kilikuwa kinadondoka.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha hakuinama hata kuangalia vizuri. "Mwalimu, hiyo ni gasketi. Maji yameingia kwa oili. Tufungue hedi."

Hatukufungua hedi, yaani ile sehemu ya juu ya injini inayokalia gasketi, na baadaye nitaeleza kwa nini. Nilichojifunza msimu ule ni kwamba kwenye baridi kifaa hiki hunasa maji kuliko oili, na anayekiweka akasahau kukimwaga ni heri angeacha gari lilivyotoka kiwandani. Mwongozo huu ni wa wale wanaoendesha magari huku juu: Molo, Elburgon, Mau Summit, Timboroa, Burnt Forest, hata Kericho. Walioko Kisumu wanaweza kusoma kwa kujifurahisha, shida yao ni nyingine.

Maji yanatoka wapi

Kila mara moto unaposukuma pistoni chini, gesi kidogo hupenya kando ya ringi na kuingia kwenye tumbo la injini, pale krenki inapozungukia. Gesi hiyo imebeba mvuke wa maji, petroli ambayo haikuungua, na masizi. Ikizunguka humo tumboni inazoa na matone madogo sana ya oili. Ingefungiwa, presha ingepanda hadi itafute njia kupitia oili sili. Ndiyo maana gari lina valvu ya PCV, inayodhibiti mtiririko wa gesi hiyo, na mpira unaoirudisha kwenye manifoldi ya hewa, yaani mabomba ya kuingiza hewa kwenye silinda, ikachomwe tena.

Kitenganishi huwekwa katikati ya mpira huo. Gesi inaingia, inagonga vibamba au wavu ulio ndani, inapunguza mwendo, na vile vizito vinashika kuta na kuteremka chini ya chupa. Gesi iliyobaki inaendelea na safari yake kwenda manifoldi.

Sasa jambo ambalo watu hukataa kuliamini: lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Haidrojeni iliyo ndani ya petroli inaungana na oksijeni ya hewa, na matokeo yake ni maji. Mengi hutoka kwa ekzosi, na ndiyo yale matone unayoyaona yakidondoka nyuma ya gari asubuhi. Kidogo hupita kando ya ringi. Injini ikiwa moto sawasawa, maji hayo hubaki mvuke, yanapita kwenye mpira hadi manifoldi na kutoka na moshi. Injini ikiwa baridi, au chupa yenyewe ikiwa imepigwa na upepo wa Timboroa, mvuke hugeuka maji palepale. Yakichanganyika na oili unapata ile chai.

Mwinuko nao unachangia, kwa sababu ndio unaoleta baridi. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama 1,850, Molo karibu 2,500, na barabara ikifika Timboroa imepita 2,700. Dada yangu yuko Kisumu na gari lake lina kifaa kile kile. Akikimwaga mwisho wa mwezi anapata kijiko kimoja cha oili, nyeusi na safi kabisa, bila tone la maziwa. Tumewahi kutumiana picha za vikombe vyetu, tukacheka.

Hatua ya kwanza: amua kama unakihitaji

Hapa nitawakera wauzaji. Kama unaendesha Probox yenye injini ya 1NZ, huhitaji kitenganishi. Injini hiyo hupuliza petroli kwenye njia ya hewa kabla ya valvu, na petroli ikipita huziosha valvu zile. Oili kidogo inayopita na gesi haina madhara ya kukukosesha usingizi. Weka pesa yako kwenye oili nzuri na filta.

Wanaofaidika hasa ni wenye injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda: Toyota zenye D-4, Volkswagen za FSI na TSI, Mazda za SkyActiv. Kwa hizo hakuna petroli inayoosha mgongo wa valvu ya kuingizia hewa, kwa hiyo ukungu wa oili huganda pale, unakauka, na kuwa kaboni ngumu kama ukoko wa ugali. Wenye tabo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, pia wanafaidika, maana oili ikipita inalowesha mipira na intakula inayopoza hewa hiyo.

Kisha jipime wewe mwenyewe. Je, utakuwa unafungua boneti kila Jumamosi kuanzia Juni hadi Agosti? Kama jibu ni "nitajaribu", usinunue.

Hatua ya pili: sikiliza injini inavyopumua

Kabla hujatoa hata shilingi, washa gari hadi lipate moto, liache linguruke limesimama, kisha legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiinue kidogo. Kwenye injini nyingi zenye afya utahisi kifuniko kinavutwa kidogo, au kinatetemeka tu, na mngurumo unaweza kubadilika. Kama moshi unapiga kwa vishindo kama chimni ya jikoni, ringi zimechoka. Kitenganishi hakitaponya ringi. Kitajaa oili kwa siku tatu na wewe utadhani kinafanya kazi vizuri.

Ukiwa hapo, chomoa valvu ya PCV na uitikise karibu na sikio. Ikilia tikitiki kama njugu kwenye kopo, ni nzima. Ikinyamaza, imeganda kwa uchafu. Ibadilishe kwanza, kwa sababu ni kifaa cha bei ndogo na mara nyingine ndicho kilichokuwa kinasababisha gari kula oili tangu mwanzo.

Hatua ya tatu: kununua bila kudanganywa

Vitenganishi vingi vya bei rahisi vinavyong'aa kwenye maduka ya spea na mitandaoni ni makopo matupu yenye rangi nzuri. Kifungue dukani. Ndani lazima kuwe na kitu cha kugonga: vibamba, au wavu wa chuma, au vyote viwili. Angalia pia kama mlango wa kuingilia unashuka chini ya wavu na wa kutokea uko juu. Yote miwili ikiwa juu, sambamba, bila kitu katikati, gesi itaingia na kutoka kama abiria aliyepanda matatu isiyo yake.

Ukishanunua kopo tupu, usilitupe. Weka ndani ule waya wa kusugulia sufuria, wa chuma kisichoshika kutu, wenye nyuzi nene zilizojikunja. Ule laini kama pamba usitumie: unashika kutu na kukatika vipande, na ukifika kwenye injini utajuta. Waya ushikiliwe na kibamba chenye matundu ili usivutwe kwenye mpira wa kutokea.

Mambo mengine ya kuangalia ni machache. Ujazo wa kati ya mililita 300 na 500 unatosha gari la kawaida. Chini kuwe na koki, kwa sababu chupa ya kufunguliwa kwa kuzungushwa kila mara utaichoka wiki ya pili, mikono ikiwa imekufa ganzi saa moja asubuhi. Matundu yake yalingane na mpira wa gari lako. Na kama ina kile kichungi kidogo cha hewa juu, kile cha kupendeza, kiondoe na uzibe tundu. Kwenye gari ambalo mpira unarudi manifoldi, tundu hilo huingiza hewa ambayo kompyuta ya gari haikuihesabu. Gari litatetemeka likisimama, na taa ya injini itawaka. Kifaa cha kusoma makosa kwa kawaida kitaonyesha P0171, maana yake petroli ni kidogo mno kwa hewa iliyoingia.

Hatua ya nne: mahali pa kukifunga

Sehemu hii ndiyo iliyonichosha kuielewa, kwa sababu ushauri mwingi umeandikwa na watu wa nchi zinazoshuka chini ya sifuri majira yote ya baridi. Kule shida yao kubwa ni barafu: maji yaliyonaswa yanaganda usiku, yanaziba mpira, presha inakosa njia, na asubuhi oili inasukumwa nje kupitia sili au inanyanyua kijiti cha kupimia. Ndiyo maana wengine wao hukivalisha kifaa sweta ya povu, au hukitoa kabisa mpaka theluji iishe.

Sisi umande wa kuganda tunauona, hasa kwenye nyasi bondeni, lakini ni nadra baridi kukaa chini ya sifuri kwa muda wa kutosha kugandisha chupa iliyo ndani ya boneti. Kwa hiyo usiogope barafu. Ogopa wingi wa maji.

Kifaa kinatenganisha vizuri kikiwa na ubaridi kiasi, kwa hiyo kiwe mbali na manifoldi ya ekzosi. Lakini usikiweke nyuma ya grili ya mbele, ambapo upepo wa kilomita 80 kwa saa unakipiga moja kwa moja. Mimi nilikiweka hapo kwanza, kwa sababu palikuwa na nafasi na palipendeza. Kilikuwa kinajaa kwa siku nne. Nilipokihamishia kando ya betri, nyuma ya taa, kikaanza kumaliza wiki. Unaweza kuuliza, si ni vizuri kikinasa zaidi? Ni vizuri kwa mtu atakayekimwaga kila siku nne. Mimi nina vitabu vya kusahihisha.

Kifunge kwenye kitu kigumu cha bodi, kamwe kisining'inie kwa mipira yake. Mkono wako ufike kwenye koki bila kuchomeka. Jaribu hilo kabla hujatoboa tundu lolote.

Hatua ya tano: kuunganisha

Mpangilio ni huu: kutoka valvu ya PCV kwenda tundu la kuingilia la chupa, kisha kutoka tundu la kutokea kwenda manifoldi. Valvu ya PCV ibaki mahali pake. Kuna mafundi huitoa wakidai chupa imechukua kazi yake. Haijachukua.

Mpira uwe wa kustahimili oili na petroli. Mpira wa maji wa bustani utalainika, na ule mweupe unaopitisha mwanga utakakamaa na kupasuka. Mpira wa hita nao hunyonya oili na kuvimba. Uwe mgumu kiasi cha kutobonyea unapovutwa, kwa sababu mpira unaotoka chupani kwenda manifoldi unavutwa kwa nguvu kila unapoachilia mafuta.

Kisha jambo dogo ambalo kwenye baridi ni kubwa: mpira usiwe na tumbo. Kama unashuka halafu unapanda tena kabla ya kufika chupani, maji yatakaa kwenye ule mkunjo na kuwa kizibo. Mpira wa kuingilia uteremke moja kwa moja hadi kwenye chupa. Kata sentimita tano zaidi ikibidi, upate mteremko.

Funga klipu kila mwisho, kaza hadi mpira usizunguke kwa mkono. Washa gari. Sikiliza kama kuna mluzi. Nyunyizia maji ya sabuni kidogo kwenye viungo huku injini ikinguruma. Mngurumo ukibadilika ghafla, hapo panavuta hewa.

Wenye tabo, njia zenu ni mbili. Tabo ikisukuma, valvu ya PCV hujifunga na gesi hupitia mpira mwingine kwenda mdomo wa tabo. Kifaa kimoja chenye njia moja kitawasaidia nusu tu ya wakati. Tafuteni fundi aliyewahi kufunga cha gari kama lenu, na aje na valvu za kuzuia gesi isirudi nyuma.

Na wale wanaochomoa mpira na kuuelekeza chini barabarani, kama ilivyo kwenye lori nyingi za zamani, nawaomba tu wakumbuke kwamba harufu ile huingia ndani ya gari, na tundu la manifoldi lililobaki wazi lisipozibwa gari halitatulia tena.

Hatua ya sita: kumwaga, ndiyo kazi yenyewe

Baada ya kufunga, angalia siku ya tatu. Usingoje wiki. Hiyo ndiyo itakuambia gari lako liko kundi gani. Baada ya hapo, huku juu, mimi hukimwaga kila Jumamosi kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, na tena wakati wa mvua ndefu kama safari zangu ni fupi. Miezi ya joto, kila kilomita 1,000 hadi 1,500 inatosha.

Zima gari kwanza. Injini ikiwa inanguruma mvuto wa manifoldi utazuia kitu kisitoke, na ukifungua koki unaingiza hewa. Ngoja chupa ipoe hadi uweze kuishika. Kinga chini kwa chupa ya soda ya nusu lita iliyokatwa juu, fungua koki taratibu, acha itiririke hadi tone la mwisho, kisha gonga chupa kidogo kwa mpini wa bisibisi. Huwa kuna utando uliong'ang'ania. Funga koki. Hakikisha umeifunga. Niliwahi kwenda nayo wazi hadi Elburgon, gari likitetemeka kama lina malaria, na taa ikawaka.

Usifanye kazi hii kando ya jiko la makaa. Najua asubuhi ni baridi na jiko liko hapo kwenye veranda. Kile kinachotoka kina petroli ndani yake, kinuse utajua.

Usikirudishe kwenye injini hata kidogo. Nimesikia mtu akisema ni oili yake aliyoinunua kwa pesa. Ni oili, ndiyo, pamoja na maji, petroli na asidi.

Kukisoma

Weka ulichomwaga kwenye chupa inayoonyesha ndani, kiache kitulie hadi kesho yake. Maji hushuka chini, oili hupanda juu, na katikati hubaki ule mchanganyiko wa maziwa usiotaka kuachana. Chupa hiyo itakuambia mengi.

Maji mengi ya rangi ya manjano hafifu, yenye harufu kali ya petroli, na oili kidogo juu: safari zako ni fupi na injini haipati moto. Hiyo ni tabia ya matumizi, gari halina kosa. Maziwa mazito kidogo, kiasi kile kile kila wiki wakati wa baridi, na yanapungua Septemba: ni kawaida ya huku. Oili nyeusi tupu, nyingi, bila maji: rudi hatua ya pili, angalia ringi na valvu ya PCV.

Maziwa pekee hayathibitishi gasketi. Ili kujua, fanya hivi: asubuhi gari likiwa baridi kabisa, chora mstari kwa kalamu kwenye chupa ya akiba ya kulanti, yale maji ya kupoza injini, usawa yalipofika. Rudia kuangalia kila asubuhi kwa siku saba, injini ikiwa baridi, bila kugusa kifuniko cha rejeta kikiwa moto. Kulanti ikishuka bila uvujaji unaoonekana nje, kijiti cha kupimia nacho kikatoka na maziwa, moshi mweupe ukaendelea hata baada ya nusu saa ya safari, au gari likachemka mlimani, hapo fundi wa gasketi ana haki ya kusikilizwa. Kulanti ikibaki kwenye mstari na kijiti kikatoka safi, mwambie asubiri.

Mstari wangu haukusogea hata unyoya.

Themostati, mhalifu ambaye hakutajwa

Fundi wa pili, huko Nakuru, mzee wa maneno machache, aliwasha gari likiwa limelala usiku mzima kwenye yadi yake. Akaweka kiganja kwenye mpira wa juu wa rejeta. Baada ya dakika mbili akaniita niuguse. Ulikuwa umeanza kuwa vuguvugu.

"Huu unafaa kuwa baridi kama jiwe saa hii," akasema. "Mtu aling'oa themostati."

Kazi ya themostati ni kuzuia kulanti isiende rejeta hadi injini ipate moto. Ikiwepo na ikiwa nzima, mpira wa juu hubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha hupata moto ghafla. Alifungua kifuniko chake, na kweli, hapakuwa na kitu. Aliyekuwa na gari kabla yangu huenda lilimchemkia mlimani Sachangwan, akaambiwa themostati ni ya nchi za baridi, ikatupwa. Injini yangu ilikuwa inazunguka na maji baridi Julai yote, safari ya kilomita nne kwenda shule na nne kurudi, na mimi nikishangaa maziwa.

Ikiwa unaipima themostati nyumbani, iweke ndani ya sufuria ya maji, iningʼinize kwa uzi isiguse chini, na upashe moto. Imechapwa nyuzi za kuanzia kufunguka, mara nyingi 82 au 88. Lakini kumbuka uko wapi. Hapa Molo maji huchemka yakifika kama nyuzi 92, wala si 100. Themostati ya 88 itaanza tu kufumbua jicho maji yakikaribia kuchemka, na haitafunguka yote hata uchochee kuni mpaka jioni, kwa sababu huhitaji nyuzi kumi na zaidi juu ya pale inapoanzia. Usiitupe kwa kosa la mlima. Ndani ya gari mfumo umefungwa kwa presha na maji hupata joto kubwa zaidi bila kuchemka.

Kuipa injini jasho

Kuliacha gari linguruke dakika ishirini uani hakusaidii. Injini isiyobeba mzigo hupata moto polepole, na wakati wote huo inatoa maji na petroli mbichi. Washa, ngoja nusu dakika hadi dakika moja, ondoka taratibu bila kukanyaga sana hadi mshale wa joto upande.

Mshale ukifika katikati, hiyo ni kulanti. Oili huchelewa zaidi. Kwa hiyo kilomita nne hazitoshi hata kama mshale umekaa vizuri. Mara moja kwa wiki lipe gari safari ya dakika arubaini bila kusimamasimama. Mimi hushuka Nakuru Jumamosi na kupanda nayo tena. Ule mlima wa kutoka Salgaa ukiupanda na mzigo wa gunia mbili za unga, oili inapata moto wa kweli na maji yaliyolala ndani yanatoka kama mvuke. Ndipo humwaga chupa baada ya kufika, injini ikishapoa kidogo, kwa sababu uchafu ukiwa vuguvugu hutiririka vizuri.

Oili yenyewe, fuata kitabu cha gari. Wengi huku humwaga 20W-50, oili nzito, kwenye kila kitu, hata injini iliyoandikiwa 5W-30 ambayo ni nyepesi, na asubuhi ya Julai unaisikia injini ikilalamika sekunde kadhaa kabla oili haijafika juu. Kwa safari fupi za baridi, badilisha oili mapema: mimi siisubiri ipite kilomita 5,000.

Pa kuitupa

Nina dumu la lita tano chini ya benchi. Likijaa nalipeleka gereji ambayo hukusanya oili chafu kwenye mapipa. Usiimwage kwenye mtaro. Mto Molo unateremka hadi Ziwa Baringo, na mto Njoro unaingia Ziwa Nakuru. Jirani aliniomba apake nguzo za ua kuzuia mchwa, kama wengi wanavyofanya na oili chafu. Nilimkatalia. Mbali na madhara kwa udongo, nusu yake ni maji. Mchwa wangekuja kunywa.

Likitokea lolote kati ya haya, simama

Kijiti cha oili kimenyanyuka chenyewe. Oili mpya inavuja kwenye kava ya juu au nyuma ya injini, karibu na gia. Mluzi ambao haukuwepo. Moshi mzito wa bluu au mweupe mara tu baada ya kona kali au breki ya ghafla. Yote hayo yanaweza kumaanisha chupa imejaa hadi juu au mpira umeziba: ama presha inakosa njia, ama injini inakunywa ule mchanganyiko. Zima, mwaga chupa, puliza mipira kwa mdomo uhakikishe inapitisha hewa. Kama uko njiani na huna vifaa, rudisha mpira wa asili wa gari na uache chupa pembeni. Ndiyo maana mpira ule wa zamani usiutupe. Wangu umekunjwa chini ya kiti cha nyuma, pamoja na klipu zake mbili na bisibisi.

Julai hii chupa yangu inatoa kifuniko kimoja cha soda kwa wiki. Chai yenyewe bado ipo, lakini imepungua maziwa.